Fahamu Dawa ya Saratani Inayotokana na Platini

Ukisikia neno metali, huenda ukawaza mabati, sufuria au pete ya arusi. Lakini mojawapo ya dawa zinazotumiwa sana kutibu saratani ina platini, metali ghali ambayo masonara hutengenezea vito. Dawa hiyo ni sisplatini.

Iligunduliwaje?
Kemikali hii ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka wa 1844 na Mwitaliano Michele Peyrone, bila kujulikana kuwa ni dawa. Mwaka wa 1965, Barnett Rosenberg na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walipitisha umeme kwenye maji yenye bakteria. Bakteria walirefuka lakini hawakugawanyika. Ikabainika kwamba chanzo hakikuwa umeme, bali platini iliyotoka kwenye vipande vya kupitishia umeme. Mwaka wa 1978 dawa iliidhinishwa Marekani.

Inafanyaje kazi?
Saratani ni seli zinazogawanyika bila kikomo. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili maelekezo yake, yaani DNA. Sisplatini hushikamana na DNA hiyo, seli ikashindwa kunakili, kisha ikafa. Hutumiwa kwa saratani za korodani, ovari na kibofu, na pamoja na mionzi kwa saratani ya mlango wa kizazi.

Mgonjwa azingatie nini?
Dawa hii hugusa pia seli nzima. Inaweza kuleta kichefuchefu na kutapika, na kudhuru figo na masikio. Ndiyo sababu mgonjwa hupimwa damu kabla ya kutiwa dawa, na huongezewa maji kupitia mshipa. Ikiwa wewe au jamaa yako anatibiwa:

• Kunywa maji kama ulivyoelekezwa na daktari.
• Mwambie muuguzi mara moja masikio yakivuma, mkojo ukipungua, au ukipata homa.
• Taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za kienyeji na za maumivu. Baadhi huumiza figo.
• Usiache matibabu kwa sababu ya kutapika. Zipo dawa za kutuliza hali hiyo, na daktari anaweza kubadilisha tiba.

Tahadhari
Dawa kuwa na platini hakumaanishi kwamba kila metali inatibu. Zebaki na risasi ni sumu. Sisplatini yenyewe hupimwa kwa kipimo maalum na kutiwa hospitalini chini ya uangalizi. Usinunue unga au maji ya "madini" yanayouzwa sokoni kwa ahadi ya kuponya saratani. Pesa zitapotea na, kibaya zaidi, uvimbe utaendelea kukua ukisubiri.

Ukiona uvimbe, kutokwa damu kusiko kwa kawaida au kidonda kisichopona, fika kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Akina mama, ulizeni kuhusu uchunguzi wa mlango wa kizazi. Saratani ikigunduliwa mapema, dawa hupata nafasi nzuri zaidi ya kufanya kazi yake.