Kulizeesha ghala la mbao: siki, mshumaa na kutu kwa modeli ya reli

Modeli nyingi za majengo ya reli zinazotengenezwa nyumbani zina kasoro moja: zimepakwa rangi kama nyumba inayosubiri harusi. Ukuta mweupe pe, paa linang'aa, mlango hauna alama ya mkono wa mtu. Jengo la namna hiyo halijawahi kusimama kando ya reli hata wiki moja. Fundi aliyekata vipande vyake vizuri na kupiga pembe mraba anaweza kuiharibu kazi yote kwa kopo moja la rangi mpya. Hapa naeleza namna ya kulizeesha ghala la mizigo la mbao na bati kwa vitu vinavyopatikana Kabwe, Namanyere au Sumbawanga mjini.

Mkoa wa Rukwa hauna reli. Anayetaka kuona treni kutoka huku aende Mpanda, ambako tawi la kutoka Kaliua lilifika kwa sababu ya madini ya risasi na kufunguliwa mwaka 1950, au ashuke Tunduma inakopita TAZARA. Lakini watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wameijua reli kwa njia ya maji: mzigo ulipanda MV Liemba, ukateremkia Kigoma, ukaingia behewani kuelekea Dar es Salaam. Liemba yenyewe ilikuja kwa treni. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa kwenye makasha, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Ukianza kujihurumia kwa sababu ya vijiti vilivyotapakaa mezani kwako, wakumbuke mafundi wale.

Seti zilizokatwa tayari zinaagizwa nje, na ukijumlisha usafiri, bei yake kwa mtu wa Kabwe haina maana. Kata mwenyewe. Mimi napenda kipimo cha 1:50 kwa sababu hesabu yake haiumizi kichwa. Mita moja inakuwa sentimita 2, mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 4, ubao wa ukutani wenye upana wa sentimita 15 unakuwa milimita 3. Hata Reli ya Kati, ambayo upana wake ni mita moja, inatoka sentimita 2 kamili. Nenda kwa seremala umwombe mabaki ya paini na maranda marefu, yale yanayotoka kwenye randa yakiwa yamejiviringa. Yalowanishe, yakandamize chini ya kitu kizito hadi yakauke yakiwa yamenyooka, kisha yakate kwa wembe na rula. Yakibandikwa baadaye juu ya boksi gumu, unapata ukuta wa mbao kweli.

Kabla hujafungua gundi, toka nje ukaangalie. Mwaloni pana kila somo unalohitaji. Tazama ubao wa mtumbwi uliostaafu: si kahawia tena, umekuwa wa kijivu, na ukiusogelea unaona nyuzi ngumu zimesimama huku zile laini zikiwa zimeliwa. Tazama kibanda cha mbao kilichowahi kupakwa rangi. Rangi inabambuka kwanza chini, matone ya mvua yanapogonga ardhi na kurukia ukutani, halafu kwenye ncha za mbao maji yanapopenya. Chini ya upenu hubaki nzima kwa miaka. Angalia pia kibanda kimeelekea wapi. Kabwe ipo takriban nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakuwa upande wa kaskazini. Ukuta wa kaskazini hupauka kuliko wa kusini. Modeli yenye kuta nne zilizochakaa sawasawa inamsuta aliyeitengeneza.

Sasa kazi. Sugua vibao kwa msasa laini ukifuata nyuzi, usipingane nazo. Kisha chukua brashi ya waya, uburute juu ya kila kibao mara mbili tatu ili nyuzi zionekane. Bado usibandike chochote. Palipopita gundi hapanywi rangi, na doa jeupe litakalobaki hapo halifichiki.

Rangi ya kijivu tunaitengeneza kwa siki. Tia waya laini wa kusugulia masufuria ndani ya chupa ya glasi, mimina siki nyeupe hadi ufunikwe, uache siku moja au mbili. Uwe ule waya unaoota kutu ukilala na maji. Ule usioshika kutu hauyeyuki na utasubiri bure. Mfuniko usiukaze, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya haidrojeni, nayo huwaka. Weka chupa mbali na jiko, mbali na watoto. Siku ya kupaka, chemsha chai ya rangi kali isiyo na sukari, pakaza kwenye vibao, viache vikauke. Halafu pitisha ile siki kwa brashi. Mwanzoni hutaona kitu, na hapo ndipo wengi huongeza siki na kuharibu. Subiri. Chuma kilichomo kwenye siki kinakutana na tanini ya chai, na kadiri hewa inavyopita ubao unageuka kijivu, kisha kijivu cha kukolea. Ukitaka kijivu chepesi, zimua siki kwa maji. Jaribu kwanza kwenye mabaki, na usivipake vibao vyote kwa mkupuo mmoja: viwili vitatu vikitofautiana na wenzao, ukuta unaonekana umewahi kukarabatiwa.

Vikishakauka kabisa, vibandike. Paka upande wa ndani wa boksi nao, hata kama hautaonekana, la sivyo ukuta utapinda kuelekea upande uliolowa.

Baada ya kijivu inakuja rangi yenyewe, na hapa mshumaa ndio msaidizi mkuu. Sugua kipande cha mshumaa pale unapotaka rangi ibambuke: chini ya ukuta, kwenye ncha za mbao, kuzunguka kitasa. Juu yake pitisha rangi ya maji, koti moja jembamba. Ikikauka, kwangua taratibu kwa ukucha au kijiti. Penye nta rangi inatoka, ubao wa kijivu unachungulia. Rangi yenyewe usiitumie kama ilivyotoka kwenye kopo. Kitu kidogo hudai rangi iliyofifia, kwa sababu jengo halisi tunaliona kwa mbali na hewa ya katikati hupunguza ukali wake. Rangi nyeupe itie tone la udongo, nyeusi itie kijivu, ya bluu itie nyeupe kidogo na kahawia kidogo zaidi.

Sasa paa, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Migongo ya bati la kawaida la mawimbi ina umbali wa milimita 76 kati ya mmoja na mwingine. Kwa 1:50 hiyo ni milimita 1.5, na ndivyo yalivyopishana meno ya boliti ya kawaida ya unene wa milimita 10. Laza foili ya kufungia chakula, iliyokunjwa mara mbili, juu ya soli ya kandambili kuukuu. Viringisha boliti juu yake ukikandamiza kwa nguvu zilezile mwanzo hadi mwisho. Mifereji itatoka imelala upande kidogo kwa sababu meno ya boliti yamejizungusha, kwa hiyo ukikata fuata mifereji, usifuate ukingo wa foili. Bati la mita 3 linakuwa sentimita 6. Lipange kama fundi wa paa anavyopanga, kuanzia chini kwenda juu, kila bati likilala juu ya mwenzake, na moja likae upande kidogo kana kwamba upepo wa kusi ulilijaribu.

Kutu nayo ina kanuni zake. Huanzia kwenye misumari, kwenye maungio na kwenye kofia ya paa, halafu hushuka na maji. Paka bati lote kahawia ya kutu, liache likauke. Linyunyizie maji kidogo, mwaga punje za chumvi pale unapotaka kutu, zikikauka zitaganda. Pitisha rangi ya kijivu juu ya yote, kwa kugusagusa na sponji kavu ili chumvi isisukumwe. Ikikauka, iondoe chumvi kwa mswaki uliolowa. Kutu itakuwa imebaki kwenye madoa yasiyo na umbo maalumu, jambo ambalo mkono wa mtu peke yake hauliwezi, maana mkono hupenda mpangilio. Mwisho, kwangua kutu halisi kwenye msumari wa zamani, ichekeche kwa kitambaa chembamba, ichanganye na gundi iliyozimuliwa kwa maji, uvute mistari myembamba ya kushuka. Iliyo changa ni ya machungwa, ya zamani inakaribia weusi. Weka zote mbili.

Rangi zikishatulia siku nzima, tengeneza maji machafu: tone la rangi ya mafuta ya kahawia-nyeusi ndani ya tapentaini, nyepesi kama chai. Pitisha ukutani, itajificha yenyewe kwenye mianya ya mbao. Usitumie tina, inaweza kuyeyusha ulichokwishapaka. Kisha chovya brashi kwenye rangi ya kijivu hafifu, ifute kwenye kitambaa mpaka udhani imeisha, uipitishe juujuu. Itashika ncha za nyuzi tu.

Vumbi lichote barabarani, lichekeche, lipake kwa brashi kavu chini ya kuta hadi kama sentimita moja, yaani nusu mita ya jengo halisi. Kitasani na kwenye miimo ya mlango tia weusi wa mikono, pale makuli wanapojishikiza wakiingia na gunia. Masizi ya mkaa weka chini ya upenu wa upande wa reli, ikiwa tu ghala lako ni la enzi ya mvuke. Ghala la TAZARA halistahili masizi hayo, kwa kuwa reli ile ilianza kazi miaka ya 1970 na vichwa vya dizeli. Makosa ya aina hii ndiyo mtu wa reli huyaona kabla hajaona kitu kingine.

Vanishi ni hiari. Ukiamua kupaka, iwe isiyong'aa, na ujue kwamba italinyonya vumbi lako nusu nzima, hivyo lirudie baada yake. Mimi sipaki: modeli ya kabatini haishikwishikwi.

Jambo moja nakuomba, msomaji. Maghala ya mbao yanabomolewa na kujengwa upya kwa tofali, mwaloni na stesheni pia. Ukiliona moja lingali limesimama, omba ruhusa kwa mwenyewe, lipige picha pande zote nne, pima mlango na upana wa ubao mmoja, andika ukuta upi unatazama kaskazini. Kwa vipimo hivyo vichache mtu anaweza kulijenga mezani hata kama lenyewe halipo tena.