Damu Iliyoshuka Miguuni Inapandaje?

SWALI: Daktari, nina miaka 52, naishi Stafford, Texas. Nafunga mizigo ghalani zamu ya usiku, nimesimama kwa saa kumi. Asubuhi nikivua soksi naona zimeacha mfereji, na vifundo vya miguu vimejaa. Shemeji yangu anasema moyo wangu umechoka kusukuma damu. Hivi moyo unaifikishaje damu mpaka miguuni, na ikishafika chini inarudije juu? – Mama wa watoto wanne

JIBU: Mama, pole na kazi. Umeuliza maswali mawili, na hilo la pili ni nadra kulisikia, ingawa ndilo lenye jibu la miguu yako.

Kunja ngumi. Moyo wako una ukubwa unaokaribia huo. Ukiwa umepumzika, kila pigo linatoa damu kama mililita 70, sawa na vijiko vitano vya mezani hivi. Zidisha kwa mapigo 70 ya dakika moja, unapata karibu lita 5. Hiyo ni takriban damu yote uliyo nayo, na inapita moyoni kila dakika, hata ukiwa usingizini.

Moyo ni pampu mbili zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Ya kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika na kuipeleka mapafuni ikachukue oksijeni. Ya kushoto huipokea kutoka huko na kuisukuma mwili mzima, ndiyo maana ukuta wake ni mnene zaidi. Ndani ya kila pampu kuna vali, yaani milango inayofunguka upande mmoja tu. Ile "du-dup" tunayoisikiliza kifuani ni vali hizo zikijifunga.

Waliohangaika kuiga mashine hii wamefanya kazi hiyo jirani nawe, ukishika barabara ya 59 kuelekea Houston. Tarehe 4 Aprili 1969, daktari wa upasuaji Denton Cooley wa Texas Heart Institute alimwekea mgonjwa moyo kamili wa bandia, wa kwanza duniani kuwekwa ndani ya binadamu. Ulimshikilia siku mbili na nusu hivi, akapandikizwa moyo wa mtu, lakini hakuishi muda mrefu. Julai 2024, Houston hiyohiyo, mgonjwa mwingine aliwekewa BiVACOR, moyo wa titani wenye kitu kimoja tu kinachozunguka: pangaboi linaloelea kwa nguvu ya sumaku. Upande mmoja linapeleka damu mapafuni, upande wa pili mwilini. Aliishi nao siku 8 hadi alipopata moyo wa mtu. Napenda kuitaja kazi hiyo kwa sababu inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kufanya kile ambacho kifua chako kinafanya bila kuombwa.

Sasa miguu. Damu ikishapenya kwenye vimishipa vyembamba vya kidoleni, nguvu ya lile pigo la moyo imebaki kidogo sana. Anayeipandisha ni tafu, shavu la mguu. Ukitembea, misuli ya tafu inakaza na kuikamua mishipa inayorudisha damu, na vali ndogo zilizomo zinaizuia isishuke tena. Ukisimama tuli kwa saa kumi, tafu halikamui. Damu inatuama, maji yanachuja na kuingia kwenye nyama, na soksi inaacha mfereji.

Kwa hiyo ukiwa kazini inua visigino mara ishirini, shusha, rudia kila nusu saa. Ukifika nyumbani lala, miguu ikae juu ya mito, iwe juu kuliko kifua. Soksi za kubana zinasaidia, ila kama una kisukari muulize daktari kwanza.

Shemeji yako naye asipuuzwe. Wewe unalala mchana, basi iangalie miguu unapoamka, si unaporudi kazini. Ikiwa bado imejaa, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, unahitaji mito mingi ili upumue ukilala, au uzito umepanda kilo mbili ndani ya siku chache, nenda kliniki wiki hii hii. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda ndani. Nenda siku hiyohiyo. Kifua kikibana au pumzi zikikata, piga 911.

Jambo jingine: kama unameza amlodipini kwa ajili ya presha, dawa hiyo yenyewe huweza kujaza vifundo. Usiiache kienyeji, mwambie aliyekuandikia.

Najua wengi wetu Marekani tunaogopa bili kuliko ugonjwa. Kuna vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato. Ukipiga simu, uliza hilo kwanza, bila haya.

Niandikie tena, uniambie miguu ilikuwaje ulipoamka.