Tiba kwa Vitendo: Jinsi ya Kumtafutia Mtoto Mtaalamu

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ambaye hujibu vizuri kwa mdomo, lakini daftari lake halisomeki. Penseli humponyoka, kunakili ubaoni humchukua kipindi kizima, na vifungo vya shati hufungiwa na dada yake. Mtoto wa namna hii mara nyingi huitwa mvivu. Huenda ana mtindio wa ubongo, yaani hali itokanayo na kudhurika kwa ubongo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo ya utoto, ambayo huvuruga utawala wa misuli. Hali hiyo peke yake si dalili ya upungufu wa akili.

Maana ya tiba kwa vitendo

Tiba kwa vitendo ni tawi la utabibu linalomwezesha mtu kutenda shughuli zake za kila siku: kula, kuvaa, kuoga, kuandika na kucheza. Wataalamu wake waliunda chama nchini Marekani mwaka 1917, na shirikisho la dunia likaundwa mwaka 1952. Tiba hii isichanganywe na fiziotherapia. Mfiziotherapia hushughulikia hasa nguvu ya misuli na mwendo wa viungo. Mtoa tiba kwa vitendo huanza na shughuli yenyewe, kisha hubadili mbinu, kifaa au mahali mpaka shughuli iwezekane.

Tutazame kijiko. Chakula kikielemea upande mmoja, kijiko hutaka kuzunguka mkononi. Vidole huzuia mzunguko huo kwa msuguano, na momenti ya msuguano hutegemea kani ya kubana pamoja na unene wa mpini. Mpini ukizungushiwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli hadi unene wake uwe maradufu, nusu ya kani ya awali yatosha. Tena vidole havilazimiki kukunjwa sana. Penseli nayo yaweza kunenepeshwa vivyo hivyo.

Hatua za kumtafuta mtaalamu

Kwanza, mwalimu na mzazi waandike yale ambayo mtoto hawezi kuyatenda, na yale anayoyaweza akisaidiwa. Maneno "hawezi kufunga vifungo" humfaa mtaalamu kuliko "ana mkono mbovu".

Pili, mzazi aanzie zahanati au kituo cha afya, aombe barua ya rufaa. Nchini Tanzania wataalamu hawa ni wachache, nao hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, kama vile KCMC mjini Moshi, ambako pia hufundishwa, na CCBRT jijini Dar es Salaam.

Tatu, mzazi aulize: Je, mtaalamu amesajiliwa? Amezoea kuwatibu watoto? Ni mazoezi gani yafanywe nyumbani na shuleni? Anayeahidi kuuponya ubongo kwa siku chache aepukwe. Tiba hii haifuti jeraha la ubongo, bali humpa mtoto uwezo wa kujitegemea.

Wajibu wa shule

Mama aweza kusafiri kutwa nzima kwa ajili ya saa moja ya tiba. Saa hiyo itapotea bure iwapo mwalimu hajui yaliyoagizwa. Basi mwalimu aombe maelezo kwa maandishi, amweke mtoto kwenye kiti ambacho miguu yake itafika sakafuni, na ampe muda wa ziada katika majaribio. Mtoto aliyehukumiwa kuwa mvivu huacha shule mapema, na kosa hilo si lake.

Zoezi

1. Zungushia mpini wa kijiko kitambaa, kisha ulishike kwa vidole viwili. Eleza tofauti uliyoihisi kwa kutumia neno momenti.
2. Andika sentensi tano kwa mkono usiouzoea. Ulitumia dakika ngapi, na ungepata alama gani katika mtihani wa saa moja?