Moto Mkali Si Ushahidi Kwamba Mtungi wa Gesi Umejaa

Asubuhi za baridi za Julai, moto wa gesi hapa mtaani Tassia, Nairobi, hunywea, na aliyenunua mtungi juzi huamini kauziwa hewa. Huenda kweli kaibiwa, ila moto hauwezi kumwambia. Mtungini mna propani na butani zilizoshindiliwa hadi zikawa kimiminika. Molekuli zake huvutana kwa unyonge, ndiyo maana propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani, iliyo ndefu kidogo na yenye mvutano zaidi, karibu na sifuri. Mafuta ya taa, marefu kuliko zote mbili, hungoja hadi nyuzi 150 hivi. Wapo watakaosema ni uzito tu. Sikubali: molekuli ya propani ina uzito zaidi ya mara mbili ya ile ya maji, na bado maji huhitaji nyuzi 100, kwa kuwa hidrojeni ya molekuli moja hung'ang'aniwa na oksijeni ya jirani yake. Kwamba sufuria ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi hakuvunji hoja. Kilichopungua ni presha ya hewa huku juu, si mvutano.

Gesi ikitumika, kimiminika huchemka mle mle mtungini na kujipoza. Propani hutangulia kutoka, na butani inayobaki husukuma kwa unyonge kukiwa na baridi. Vilevile, mtungi wenye kilo mbili waweza kuwaka sawa na wenye sita, maana presha hufuata joto na aina ya kimiminika, si wingi wake. Muuzaji anayekuwashia moto dukani hajathibitisha chochote. Nyumbani, zima moto, mwagia ubavu wa mtungi kikombe cha maji ya moto yasiyochemka, kuanzia juu hadi chini. Subiri kidogo, kisha teremsha kiganja polepole. Penye mvuke mtupu chuma hubaki na uvuguvugu. Penye kimiminika joto limeshanyonywa, na ubaridi hukupokea ghafla. Mpaka huo ndio kimo cha gesi yako. Usiuweke mtungi karibu na moto hata siku moja.

Dukani, dai mizani. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chake. Utoe kwenye uzito unaoonyeshwa na mizani, na kwa mtungi mdogo zibaki kilo 6 kamili. Asiye na mizani, mwachie mtungi wake.