Dada Ana MS, Aachwe Kwake

Mdogo wangu wa Lushoto, barua yako imenifikia. Unasema dada yenu mkubwa, anayeishi Mbagala, Dar es Salaam, na mume na watoto wawili, ameambiwa na madaktari kwamba ana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao hospitalini wanauita MS. Miguu inakakamaa, jicho moja liliwahi kuingia ukungu, na juzi kaanguka bafuni. Ukoo umekaa, na wengi wanataka aletwe kwa mama huko mlimani akauguzwe. Unaniuliza kama ni sawa.

Kama mwenyewe anataka kubaki kwake, abaki. Kazi yenu nyinyi ndugu ni kuifanya nyumba ya Mbagala imfae. Najua hoja ya wazee ina uzito: Lushoto kuna ubaridi, na mgonjwa wa MS anauhitaji ubaridi kuliko mnavyodhani. Lakini Lushoto ni milima, vijia vinateleza mvua ikinyesha, na kila tarehe ya kliniki ingekuwa safari ya kuamka usiku. Madaktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu nchini ni wachache, na wengi wao wako miji mikubwa. Kutoka Mbagala anaweza kwenda Hospitali ya Muhimbili na kurudi siku hiyohiyo, hata foleni ikiwa mbaya. Halafu kwake yeye ni mama mwenye nyumba. Ana watoto wa kuwauliza wamesoma nini, ana majirani, ana sauti juu ya chakula kitakachopikwa. Akiletwa kwa mama, atapendwa sana, ila atakuwa mtoto tena.

Ukoo uelezwe kwanza ugonjwa wenyewe, maana maneno mengi yanatokana na kutoujua. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo, mishipa ya fahamu imefunikwa kwa ala, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inageuka na kuishambulia ala hiyo. Pale ilipochubuka, taarifa kutoka kwenye ubongo inapita kwa shida au haipiti kabisa. Ndipo mguu unakuwa mzito, mkono unakufa ganzi, jicho linaona ukungu, mkojo unabana ghafla. Daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, aliueleza tangu mwaka 1868, kwa hiyo si ugonjwa wa kutupiwa na jirani. Huanza mara nyingi kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Hauambukizi. Watoto wake walale naye, wale naye sahani moja. Nchi zilizo karibu na ikweta huuona kwa nadra, ndiyo maana mgonjwa wetu huzungushwa sana kabla ya kupata jina la kinachomsumbua: mara macho, mara mgongo, mara karogwa.

Kinachowagombanisha ndugu zaidi ni kwamba MS haikai mahali pamoja. Kwa wengi huja kwa vipindi: hali inachafuka kwa siku au wiki kadhaa, kisha inatulia, pengine mtu anarudi karibu na alivyokuwa. Hata ndani ya siku moja, asubuhi anaweza kufagia uwanja, na alasiri akashindwa kuinua kikombe. Mtu asiyejua atasema anajidekeza. Shemeji yako akisema hivyo mbele ya watoto, watoto nao watasema, na dada ataanza kujilazimisha ili aonekane mzima. Akijilazimisha ndipo anapoanguka. Uchovu wa MS si uchovu wa mtu aliyelima. Unaweza kumkuta ametoka kuamka, na hauondoki kwa kuambiwa ajikaze. Mkae na shemeji, yeye na nyinyi tu, mumweleze hili taratibu bila kumshutumu. Naye ana hofu yake ambayo pengine hajaisema kwa mtu.

Sasa joto. Mwili wa mgonjwa wa MS ukipata joto, hata kidogo, zile dalili za zamani zinarudi: jicho linaingia ukungu, miguu inalegea. Mwili ukipoa, zinaondoka. Joto halichubui ala upya, ila linamwangusha mtu, na Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi halina huruma. Kwa hiyo kazi nzito zote zifanyike alfajiri. Aoge maji ya baridi kiasi, siyo ya moto, hata kama mama anaamini maji ya moto yanalegeza viungo. Apike kwa gesi, akae mbali na jiko la mkaa, na dirisha liwe wazi. Kanga iloweshwe, ikamuliwe, aizungushe shingoni. Umeme ukikatika na feni ikasimama, hiyo kanga ndiyo msaada wa haraka. Kama nyumba ni ya bati tupu, dari litapunguza joto kuliko feni ya pili. Siku ya kliniki, mtu mwingine atoke barabarani kutafuta bajaji, yeye asubiri kivulini mpaka ifike mlangoni.

Homa ni joto pia, tena baya zaidi. Akidhoofika ghafla, msiseme tu "ule ugonjwa wake umepanda". Apimwe malaria, apimwe mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo huweza kumlaza kitandani mtu aliyekuwa anatembea jana, na yakitibiwa anainuka. Lakini ikiwa ni dalili mpya, imedumu zaidi ya saa 24, na hana homa wala maambukizi, hiyo inaweza kuwa shambulio jipya. Daktari wake aambiwe mapema, kwani kuna dawa zinazofupisha shambulio.

Nikija kwenye choo naomba msione aibu, maana nimeona watu wanahamishwa majumbani mwao kwa sababu ya choo kuliko sababu nyingine yoyote. Fikiria nyumba nyingi za Mbagala. Choo kiko uani, ni cha kuchuchumaa, mlangoni kuna kizingiti, sakafu ina maji muda wote kwa kuwa hapohapo ndipo watu wanapooga. Sasa mweke hapo mtu ambaye magoti hayakunji vizuri na mkojo unambana akiwa bado hajafika. Atafanya nini? Ataacha kunywa maji. Wagonjwa wengi hufanya hivyo kimyakimya, na matokeo yake ni choo kigumu na yaleyale maambukizi ya mkojo niliyoyataja. Asiache kunywa. Anywe sana mchana, apunguze tu saa mbili tatu kabla ya kulala, na mchana aende chooni kwa saa, bila kusubiri abanwe.

Choo chenyewe kinarekebishika kwa fedha kidogo. Mwiteni fundi wa kuchomelea, atengeneze kiti cha bomba za chuma chenye miguu minne na tundu katikati, kikae juu ya shimo la choo, kimo chake kikiwa cha kiti cha kawaida cha kulia chakula. Miguu ivishwe mipira isiteleze. Ukutani pachimbiwe vishikio viwili, kimoja upande wa mkono wake wenye nguvu na kingine karibu na mlango, vifungwe kwa nati za kwenye zege, visiwe vya misumari. Kabla ya yeye kuvitumia, mtu mzima avining'inie. Kwa kuoga, kiti cha plastiki chenye mikono, ndoo iinuliwe juu ya stuli, na kata iwe nyepesi. Taa iwake uani usiku kucha, na tochi ilale pembeni ya mto. Usiku asitoke kabisa: ndoo yenye mfuniko, au kiti cha choo, kiwekwe chumbani nyuma ya pazia. Shemeji akione ni kitu cha kawaida, kama chandarua.

Ndani ya nyumba hakuna mengi. Mikeka na mazulia madogo yaondolewe njiani anapopita. Viatu vya kuchomeka vibadilishwe kwa vinavyoshika kisigino. Kizingiti kinachoweza kutolewa kitolewe; kisichoweza, mjenge mteremko wa saruji usiokuwa mkali, yaani kwa kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Mafundi wengi huufupisha ili kuokoa saruji, msikubali. Akifika siku ya kutumia fimbo, mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono akiwa amesimama, mikono ikining'inia. Na kiti mwendo kikihitajika kwa safari ndefu, msikichukulie kama msiba. Kinamhifadhia nguvu za kufanya jambo alilolifuata huko anakokwenda.

Jikoni ndiko ndugu wenye huruma wanakoharibu. Mnafika, mnamnyang'anya kisu, mnamwambia "kaa dada, pumzika". Anakaa. Mwezi unapita, mikono imelegea kwa kutotumika, na mtoto wa kike wa darasa la tano ndiye anaendesha nyumba. Mwekeeni stuli ndefu kwenye meza, akate mboga amekaa. Achague kazi mbili anazozipenda kwa siku, hizo ziwe zake, apumzike kabla hajachoka. Nyingine zote, kuchota maji, kufua mashuka, kubeba gunia la mchele, zigawiwe wengine. Mazoezi ya viungo aonyeshwe na mtaalamu wa fiziotherapia, ayafanye wakati wa baridi: kunyoosha misuli iliyokaza, kusimama na kukaa. Ukimsaidia kuvaa, muulize kwanza ni mkono gani uanze. Nguo huingia kwanza mkono dhaifu, na hutoka kwanza mkono wenye nguvu.

Kuhusu dawa, nasema kwa ukali wa dada. Dawa za MS haziuondoi ugonjwa. Zinapunguza mashambulizi na kuchelewesha ulemavu, kwa hiyo mtu huzitumia hata akiwa anajisikia vizuri. Ni ghali, na nyingine ni adimu kwetu. Lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kwa mara ya kwanza dawa tatu za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu, mojawapo ikiwa rituksimabu, ambayo hospitali kubwa huitumia pia kwa magonjwa mengine. Daktari aulizwe waziwazi ipi inampasa na inapatikana wapi, na bima aliyonayo inagharimia nini. Akitaka maombi, aombewe, hakuna daktari atakayekataa. Anayemwambia aache dawa ili uponyaji ufanye kazi, huyo msimruhusu kuingia ndani. Akishika mimba au akitamani mtoto mwingine, amwambie daktari mapema, kwa sababu baadhi ya dawa haziendi na mimba.

Angalieni na moyo wake. Sonona huwapata wagonjwa wa MS zaidi kuliko watu wengine, na sehemu yake inatokana na ugonjwa wenyewe kwenye ubongo. Akikaa kimya muda mrefu, asipotaka kuoga, akianza kusema yeye ni mzigo, hilo nalo ni la kumweleza daktari, na linatibika.

Nisiwadanganye kwamba nyumbani patatosha daima. Ikifika siku hawezi kujigeuza kitandani, lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na ngozi ya matako, visigino na nyonga ikaguliwe kila siku. Doa lisilofifia ukilibonyeza ndiyo mwanzo wa kidonda. Akianza kupaliwa na chakula mara kwa mara, hospitali. Hapo mtakaa tena, na yeye akiwemo, muamue upya. Ila hamjafika huko. Leo mnazungumzia mtu anayetembea, aliyeanguka kwenye sakafu yenye maji.

Na anayemhudumia asisahauliwe. Kwa sasa ni shemeji na yule binti, na binti anatakiwa shule. Andikeni zamu: nani anakwenda Mbagala Jumamosi ipi, nani anamsindikiza kliniki, nani anatuma fedha ya dada wa kazi kila mwezi. Yaandikwe majina, kwa maana "tutasaidiana" isiyo na jina humwangukia mtu mmoja. Wewe uliye mbali una simu: mpigie, na usimuulize kila mara kuhusu miguu. Muulize habari za watoto, mwombe ushauri kama ulivyozoea.

Unasema mmeshachanga fedha za gari la kumhamisha. Mpigieni kwanza mwenyewe, asikie kutoka kwenu, atoe neno lake. Akisema anabaki, zitumeni Mbagala kama zilivyo, na fundi aanze na bafu wiki hii.