Trekta Kuukuu: Tuizungushe Kwanza

Trekta ndogo za Ferguson TE20 ziliundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na mpaka leo wako watu huko wanaozikusanya na kuzifufua. Kwa hivyo uzee si kasoro. Kasoro ni haraka.

Sisi tulichanga, tukanunua trekta kuukuu bila kuzungusha injini. Kumbe imeshika! Vijana wakaivuta kwa lori ati iwake. Mkono wa pistoni ukapinda. Pesa za akina mama zikaishia hapo.

Sasa tungefanyaje? Toa plagi, mimina oili nyepesi katika kila silinda, ngoja siku kadhaa, kisha zungusha polepole kwa hendeli. Ikikataa, mimina tena. Muuzaji akikuharakisha, rudini nyumbani na pesa zenu.