SOMO KWA KAMATI: HERUFI NZITO ZA MLAZO KWENYE BANGO LA MRADI



Habakuki 2:2 hutufundisha kuandika ujumbe wazi ili usomeke bila shida. Hapa Dumila, njia panda ya Kilosa kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, wasomaji wetu wengi wamo ndani ya basi.

Chimbuko. Mwaka 1927 zilitolewa herufi za Futura, kazi ya Mjerumani Paul Renner. Hazina vijimkia, na O yake hukaribia duara kamili. Zikinenepeshwa na kulazwa upande wa kulia, huonekana kama zinakimbia, na huvuta jicho.

Matumizi. Zifaa kwa maneno machache: jina la mradi, au onyo kama "Chemsha maji". Aya nzima ikiandikwa hivyo, hakuna neno linalojitokeza, na kwenye fotokopi matundu ya herufi huziba.

Tahadhari. Katika Futura, "a" ndogo ni duara lenye kijiti tu. Kwa mbali hufanana na "o". "Mota" ya pampu ikisomwa "moto", watu watakimbia badala ya kuchota maji!

Mapato na matumizi yaandikwe kwa herufi za kawaida zilizosimama. Sadaka ya mjane na fedha ya mfadhili zote zina haki ya kusomeka.

Zoezi. Kabla ya kumlipa fundi, bandikeni mfano wa bango ukutani. Mwombeni mzee asiye mjumbe wa kamati asimame hatua 20 na asome kwa sauti. Akikwama, rekebisheni.